Laptopu imeanza kuchemka baada ya kuhamia Windows 11: nianzie wapi?

Swali: "Shikamoo fundi. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Tanga. Siku sita zilizopita nilipandisha laptopu yangu kutoka Windows 10 kwenda Windows 11. Ni ya mtumba, prosesa ni Intel i5-8250U, RAM GB 8, SSD GB 256. Zamani feni nilikuwa naisikia mara mojamoja. Sasa inavuma tangu nawasha mpaka nazima, na juu ya kibodi upande wa kushoto hapashikiki. Juzi nimefika nyumbani kutoka shule, nikaitoa kwenye begi nikaikuta ya moto wakati nilikuwa nimeifunga. Wapo wanaoniambia nirudi Windows 10, wengine wanasema imeshakufa ninunue nyingine. Nifanye nini?"

Marahaba, mwalimu. Laptopu yako haijafa, na tafadhali usitoe hela ya nyingine kabla hujafanya vipimo nitakavyokueleza. Ila kuna jambo moja linalokimbizana na siku, na hilo nalitanguliza kabla ya habari ya joto lenyewe.

Ukihamia Windows 11, mfumo wa zamani haufutwi papo hapo. Unawekwa pembeni kwenye folda inayoitwa Windows.old, nawe unapewa siku 10 za kurudi ulikotoka bila kupoteza mafaili yako. Siku zikiisha, folda hiyo inafutwa yenyewe, na kuanzia hapo kurudi ni kuweka mfumo upya kutoka mwanzo. Wewe umeshatumia sita. Nne zilizobaki ni chache mno kwa kupima mambo kwa utulivu, kwa hiyo ongeza muda leo hii. Bonyeza kitufe cha Windows, andika cmd, bonyeza kulia kwenye Command Prompt, chagua Run as administrator, kisha andika mstari huu na ubonyeze Enter:

DISM /Online /Set-OSUninstallWindow /Value:30

Siku 10 zimekuwa 30, zikihesabiwa tangu siku uliyohamia. Ukitaka zaidi, mwisho unaoruhusiwa ni 60. Folda hiyo inakula nafasi kubwa kwenye SSD ya GB 256, lakini ivumilie. Usiguse Disk Cleanup wala programu yoyote ya "kusafisha kompyuta" mpaka tumalize, maana hizo ndizo zinazoifuta bila mtu kujua.

Sasa tuje kwenye joto.

Kazi ya kupandisha mfumo haiishii pale unapouona ukurasa mpya wenye alama ya Windows katikati. Kinachofuata hukioni. Mfumo unayapitia mafaili yako yote upya kutengeneza faharasa ya kutafutia, kinga ya virusi inakagua diski, programu zinasasishwa moja baada ya nyingine, draiva (programu ndogo zinazoendesha vipande vya laptopu) zinashushwa na kuwekwa. Yote hayo ni jasho la prosesa, na jasho la prosesa ni joto. Kwa mtu mwenye intaneti ya waya na laptopu iliyochomekwa kwenye umeme kutwa nzima, shughuli hii huisha ndani ya siku moja au mbili, na feni inanyamaza yenyewe.

Kwetu mara nyingi haiishi, na naona hili ni sehemu ya kinachokusumbua. Fikiria unavyoitumia. Unawasha hotspot ya simu nusu saa, unashusha kilichokupeleka, unazima ili bando lisiishe. Unafanya kazi kwa betri, unafunga kifuniko, unaondoka. Faharasa hupunguza mwendo ukiwa kwenye betri na hujivuta pembeni unapochapa. Matengenezo ya jumla ya Windows yamepangwa kuanza saa 8 usiku, kwa sharti kwamba laptopu iwe imewashwa, iwe kwenye umeme, na pasiwe na mtu anayeitumia. Saa hiyo yako imefungwa kwenye begi. Kwa hiyo kila asubuhi ukiwasha, kazi ya jana inaanza kujisukuma tena, wewe unaona feni inavuma, unaizima mapema kwa hofu, na kesho yake inaanza upya. Nimewaona watu wakiishi hivyo mwezi mzima wakiamini mfumo mpya ndio mbaya.

Dawa yake ni usiku mmoja. Ila kabla ya kuiacha inafanya kazi peke yake, igeuze uikague tumboni. Iweke juu ya meza iliyonyooka. Inakaa sawasawa au inayumba? Padi ya kugusia imeinuka, au imekuwa ngumu kubonyeza? Kuna ufa mpya pembeni, mahali kifuniko cha chini kinapokutana na kibodi? Ukiona dalili yoyote kati ya hizo, betri imevimba, na hapo hakuna tena habari ya usiku mmoja. Izime, chomoa chaja, usiiminye, usiitoboe, mpelekee fundi aitoe kwanza. Betri ya lithiamu iliyovimba inaweza kushika moto, na joto la siku sita mfululizo haliisaidii.

Ikiwa tumbo liko sawa, iweke juu ya meza ngumu, mbali na kitanda na pazia, chomeka chaja. Nenda Settings, System, Power & battery, weka skrini ijizime baada ya dakika tano lakini laptopu isilale kabisa ikiwa kwenye umeme. Nunua bando la usiku ikiwa mtandao wako unalo. Halafu angalia jambo dogo linalosahaulika: ukiunganisha kwa hotspot ya simu, Windows mara nyingi huichukulia kuwa intaneti ya kupimwa na husimamisha sehemu kubwa ya masasisho. Fungua ukurasa wa Wi-Fi hiyo, mahali palipoandikwa Metered connection, uzime kwa usiku huo tu. Bonyeza Windows Update, mwambie atafute masasisho, uiache. Asubuhi izime na kuiwasha upya kwa Restart, siyo kwa kufunga kifuniko.

Baada ya hapo ndipo tunapima. Nahitaji namba mbili tu kutoka kwako: asilimia ya kazi ya prosesa na joto lake.

Asilimia utaiona kwenye Task Manager, kwa kubonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Joto la prosesa halionyeshwi humo, kwa hiyo shusha programu ya bure iitwayo HWiNFO kutoka tovuti yake yenyewe. Ukiifungua chagua Sensors-only, kisha utafute mstari wa CPU Package. Washa laptopu, funga kila kitu isipokuwa hizo mbili, na uiache dakika 15 bila kugusa chochote. Dakika za mwanzo usizisome kabisa, maana kila kompyuta hukurupuka inapoamka.

Prosesa yako imewekewa kikomo cha nyuzijoto 100. Ikikaribia hapo inajipunguzia kasi yenyewe ili isiungue, ndiyo maana nasema haijafa wala haitakufa kesho. Ikiwa imetulia, katika chumba cha pwani chenye nyuzi 31 au 32, mimi nikiona 45 hadi 55 siulizi swali. Ikiwa inafanya kazi nzito, 80 na kitu ni kawaida yake. Mtu wa London akiandika kwamba yake iko 40, usijilinganishe naye. Feni haipozi kwa barafu, inapoza kwa hewa ya chumba ulichomo, na chumba kikizidi nyuzi 10 prosesa nayo inazidi karibu kiasi hichohicho.

Zikiwa zote mbili juu, tuseme asilimia 40 na nyuzijoto 85, kuna kitu kinaitumikisha. Ikiwa asilimia ni 3 au 5 na joto bado ni 70 na zaidi, programu haina kosa. Joto halina pa kutokea.

Kuna kipimo kingine kisichohitaji programu, nami nakiamini sana. Weka kiganja mbele ya tundu linalotoa hewa wakati feni inavuma. Hewa ikitoka kwa nguvu na ni ya moto, upozaji uko hai na mzigo ndio mkubwa. Hewa ikitoka kwa unyonge, ya uvuguvugu, huku HWiNFO inasoma 90, basi kuna kizuizi kati ya prosesa na kiganja chako.

Tuanze na mzigo. Kwenye Task Manager bonyeza kichwa cha safu ya CPU ili wanaokula zaidi wapande juu. Ukikuta Microsoft Windows Search Indexer, Antimalware Service Executable au Windows Modules Installer Worker, hao ni wafanyakazi wa ule usiku mmoja na wataondoka. Usizime kinga ya virusi kwa ajili yao. Ukikuta OneDrive, hiyo ifanyie kazi. Kurasa za mwisho za kuweka mfumo huwa zinapendekeza mafaili yako yahifadhiwe mtandaoni, na watu wengi hubonyeza kukubali ili wafike mbele. Matokeo yake Desktop, Documents na Pictures zote zinaanza kupandishwa kwa bando lako, kila unapounganisha. Fungua mipangilio yake, usimamishe hifadhi ya folda usizotaka zipande.

Kisha draiva ya picha. Bonyeza kulia kwenye alama ya Windows, chagua Device Manager, fungua Display adapters. Kwa prosesa yako pasomeke Intel UHD Graphics 620. Pakisomeka Microsoft Basic Display Adapter, umempata mhalifu: draiva yako halisi ilidondoka njiani, na kila kitu kinachosogea kwenye skrini kinachorwa na prosesa yenyewe. Hapo hata kusogeza ukurasa juu na chini kunawasha feni. Ingia tovuti ya kiwanda kilichotengeneza laptopu, tafuta kwa jina kamili la modeli lililobandikwa chini yake, shusha draiva ya picha, na ukiwa hapohapo chukua ile ya kusimamia joto, ambayo kwa mashine za Intel za umri huu huandikwa Dynamic Platform and Thermal Framework. Hii ya pili watu hawaifahamu, na ndiyo inayoshiriki kuamua prosesa ipewe umeme kiasi gani kadiri mwili wa laptopu unavyopata joto. Programu zinazojitangaza kwamba zitakuwekea draiva zote kwa mbofyo mmoja ziache zilipo.

Ukikuta pia sasisho la BIOS (programu ya ndani ya ubao mkuu inayoiwasha laptopu) la modeli yako, huwa linarekebisha mwenendo wa feni. Ila fanya betri ikiwa imejaa na chaja imechomekwa. Umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo kwenye laptopu ambayo betri yake haishiki chaji, unaweza kubaki na ubao usiowaka. Kama betri yako ni dhaifu, liruke.

Kwenye ukurasa uleule wa Power & battery kuna Power mode. Kama iko Best performance, ishushe iwe Balanced. Na kama bado unaona inachemka bila sababu kubwa, kuna kiraka ninachowapa wateja wanaofanya kazi za Word na Excel: Control Panel, Power Options, mipangilio ya ndani ya mpango wako wa umeme, Processor power management, Maximum processor state, uweke 99 badala ya 100. Asilimia moja inaonekana kama si kitu, lakini inazima ule mruko wa kasi. Prosesa yako ina kasi ya msingi ya GHz 1.6 na inaweza kuruka hadi 3.4. Ili iruke inahitaji volti zaidi, na umeme inaoutumia unapanda kwa kipeo cha pili cha volti hizo, kwa hiyo kipande kidogo cha mwisho cha kasi ndicho kinacholeta joto jingi. Kwa kutunga mitihani na kujumlisha alama hutaona tofauti kubwa, lakini feni utasikia imenyamaza. Laptopu nyingine huficha mstari huo. Ukiukosa, tumia Best power efficiency.

Video nazo zina neno lake. YouTube siku hizi hutuma video nyingi kwa umbo la AV1, na prosesa ya kizazi cha 8 kama yako haina kipande maalumu cha kulifungua, hivyo inalifungua kwa nguvu zake zote. Hilo halikuletwa na Windows 11. Kwenye mipangilio ya akaunti yako ya YouTube, sehemu ya uchezaji, chagua AV1 itumike kwa video za ubora mdogo tu.

Sasa upande wa pili, ule wa asilimia 5 na nyuzijoto 75. Hapa ndipo ningeweka dau langu kwa laptopu ya mtumba ya mwalimu, hata kama ule usiku mmoja utapunguza sehemu ya tatizo.

Mwaka jana mwalimu mmoja wa Muheza alinitumia yake kwa basi, na malalamiko ni haya yako: ilikuwa nzima mpaka alipohamia Windows 11. Nilifungua kifuniko cha chini, nikaondoa feni. Ukitazama feni yenyewe ilikuwa na vumbi la kawaida, mtu angeipuliza akairudisha. Lakini nyuma ya feni kuna mapezi membamba ya shaba, yamepangwa kama meno ya kitana, na hewa yote lazima ipite katikati yake. Upande wa ndani wa mapezi, ambao hauonekani feni ikiwa mahali pake, palikuwa na tabaka la kijivu. Nililishika kwa kibano pembeni, likabanduka zima, urefu wa kidole, limeshikamana kama kipande cha blanketi. Katikati lilikuwa na weupe. Ni vumbi la chaki, limechanganyika na nyuzi za nguo, likakandwa na unyevu na chumvi ya hewa yetu ya pwani mpaka likawa kitambaa. Pesti ya kupitisha joto iliyokuwa kati ya prosesa na bamba la kupozea ilikuwa imekauka, ukiikwaruza inadondoka unga.

Laptopu ile ilikuwa inaugua muda mrefu kabla ya Windows 11. Ilichokuwa inafanya ni kubeba kazi ndogo kwa upozaji mdogo, na vikalingana. Mfumo mpya ulipoleta siku kadhaa za kazi nzito mfululizo, ule ulinganifu ukavunjika. Baada ya kusafisha na kupaka pesti mpya, ikiwa imetulia ilishuka kutoka 74 hadi 51, na Windows 11 iko humohumo.

Kwa hiyo ukimpelekea fundi, usimwambie "isafishe" ukaishia hapo, maana wengi watachukua blowa na kupuliza kupitia matundu ya nje. Upepo ule unarudisha blanketi ndani badala ya kulitoa, na unaizungusha feni kwa kasi ambayo bearingi zake hazikutengenezewa. Mwambie achomoe waya wa betri kwanza, atoe feni kabisa ili aone uso wa ndani wa mapezi, afute pesti ya zamani kwa spiriti ya isopropili, aweke mpya kiasi cha punje ya mchele, na vile vipande laini vilivyo juu ya chipu nyingine avirudishe palepale, asivibadilishe kwa pesti. Kaa naye akifanya. Ni kazi ya chini ya saa moja, na fundi mzuri haoni vibaya kutazamwa.

Kuhusu ile ya kwenye begi, hiyo ni tofauti na inatisha zaidi. Fungua tena Command Prompt, andika powercfg /a. Ikikujibu kwamba inatumia S0 Low Power Idle, maana yake ukifunga kifuniko haikuwa inalala usingizi mzito. Ilikuwa imesinzia, na ikipata sababu inaamka ndani ya begi kufanya kazi, hapo haina hata tundu la kupumulia. Ikikujibu S3, yaani ule usingizi mzito, basi kuna kifaa au kazi fulani iliyoiamsha, na powercfg /lastwake inaweza kukuonyesha. Kwa vyovyote vile, kwenye Control Panel, Power Options, mahali pa kuchagua kinachotokea ukifunga kifuniko, weka Hibernate (inahifadhi kazi yako kwenye diski kisha inajizima), au Shut down kama Hibernate haipo. Itachukua sekunde chache zaidi kuamka darasani. Fanya hivyo leo, pamoja na ile amri ya siku 30, bila kusubiri vipimo.

Pedi za kupozea zenye feni zinazouzwa madukani sizikatazi, lakini kwa mapezi yaliyoziba hazifui dafu. Vizibo viwili vya soda chini ya ukingo wa nyuma vitaipa hewa bure. Na usiiweke juu ya kitanda, hata ukiitandikia kanga, maana tundu la kuvutia hewa liko tumboni.

Kuhusu kurudi Windows 10, msimamo wangu ni usirudi isipokuwa kwa sababu moja tu. Windows 10 iliacha kupewa masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025. Upo mpango wa nyongeza kwa watu binafsi unaofika 13 Oktoba 2026, lakini lazima ujiandikishe. Laptopu inayobeba matokeo ya wanafunzi na inayochomekewa flashi za kila mtu shuleni si ya kuachwa bila masasisho. Sababu ninayoikubali ni kiwanda cha laptopu yako kutokuwa na draiva ya Windows 11 kwa modeli hiyo, na ile ya Windows 10 ikagoma kufanya kazi vizuri. Ikiwa hivyo, siku zako 30 zipo: Settings, System, Recovery, Go back.

Nitumie zile namba mbili, usome mara mbili kwa siku mbili tofauti baada ya ule usiku mmoja, uniambie na hewa ya tunduni ilikuwaje kwenye kiganja. Kwa hizo nitakuambia kama ni safari ya kwa fundi au ni ya kwenye mipangilio tu.